Marubani wa Mabomu Waliovaa Kaptura: Mkusanyo wa Vijisanamu Nakuru

Anayeanza kukusanya vijisanamu vya kijeshi kwa kawaida huvutwa kwanza na wale wanaoonekana vizuri: askari wa miguu mwenye bunduki begani, mpanda farasi mwenye upanga, kamanda aliyesimama juu ya kifaru. Rubani wa ndege ya mabomu huja nyuma kabisa, kwa sababu kazi yake aliifanya akiwa ameketi, mara nyingi gizani, uso umefunikwa na barakoa ya oksijeni, na sifa zote zikaenda kwa ndege yenyewe. Mimi nimechagua kumkusanya yeye pamoja na wenzake wote waliokuwa ndani ya ndege ile ile. Sababu kubwa ni kwamba mji ninaoishi, Nakuru, ulikuwa mahali ambapo vijana wa aina hiyo walifundishwa kazi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo sijaona dukani kijisanamu cha rubani aliyevaa kaptura kama walivyovaa hapa. Anayemtaka rubani huyo hana budi kumtengeneza kwa mikono yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 Jeshi la Anga la Uingereza lilihamisha kikosi chake cha mafunzo nambari 70 kutoka Misri hadi Nakuru, na kikosi hicho kikaendelea na kazi hapa hadi mwaka 1943. Kiliwachukua vijana waliokwisha kujua kurusha ndege, kikawaunganisha na wenzao hadi wakawa timu moja iliyo tayari kupelekwa kwenye vita vya jangwani. Ndege iliyohusika sana ni Bristol Blenheim, yenye injini mbili na watu watatu: rubani, mwongoza njia ambaye pia ndiye aliyelenga mabomu akiwa puani mwa ndege, na mtumishi wa redio ambaye pia alikuwa mpiga bunduki katika kibanda kidogo cha kioo kilichokuwa mgongoni. Nanyuki nako kulikuwa na kikosi kingine cha namna hiyo. Wakazi wengi wa hapa ninaozungumza nao hawajapata kusikia habari hii, ingawa wengine wamepita mara nyingi kando ya makaburi ya Nakuru North, ambamo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutunza makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo.

Kwamba watu walikufa mafunzoni, mbali kabisa na adui, si jambo la kushangaza kwa mtu anayeijua nchi hii. Nakuru iko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, injini hupoteza sehemu ya nguvu zake, mabawa hupata hewa haba ya kuyabeba, na ndege iliyojaa mafuta hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, hasa saa za mchana jua linapokuwa kali. Mbele yake kuna kingo za Bonde la Ufa na mlima Menengai. Hata huko Uingereza kwenyewe, kamandi ya ndege za mabomu ilipoteza zaidi ya watu 8,000 katika ajali za mafunzo na safari zisizo za vita. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yanayoamua jinsi ninavyochagua vijisanamu vyangu: sitafuti shujaa anayepunga mkono kando ya ndege. Ninamtafuta kijana aliye kazini, katika vazi la kazi hiyo, mahali pa kazi hiyo.

Kisumu nayo ina historia yake ya anga, na ni nzuri kweli: kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na Durban zilitua juu ya Ziwa Viktoria na kufungwa hapo Kisumu. Lakini zile zilibeba abiria na barua, kwa hiyo nawaachia wakusanyaji wa upande wa ziwa.

Sasa tuje kwenye vijisanamu vyenyewe. Jambo la kwanza ambalo mnunuzi huulizwa ni kipimo. Katika kipimo cha 1/72, mtu mwenye urefu wa sentimita 175 huwa na urefu wa sentimita 2.4 tu, katika 1/48 hufika sentimita 3.6, katika 1/32, ambacho ndicho kinachokaribiana na kile kipimo cha zamani cha milimita 54, hufika sentimita 5.5. Kuna pia vikubwa vya milimita 120, ambavyo ni kazi za sanaa kwa kweli, na bei yake hukumbusha hivyo. Wengi hapa Kenya huanza na 1/72, kwa sababu seti ndogo za Airfix za watumishi wa jeshi la anga ni rahisi na huja wengi katika boksi moja. Sina ubaya nazo, ila plastiki yake ni laini, inanesa, na rangi huambuka kama haikuoshwa kwanza kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Tena, katika urefu wa sentimita 2.4 uso ni doa tu. Mimi nimekaa kwenye 1/32. Ni kipimo kinachoruhusu jicho liwe jicho, na bado wafanyakazi saba wa ndege ya mabomu ya Lancaster wanaweza kukaa kwenye rafu moja bila kubanana.

Kuhusu malighafi, vya zamani kabisa vilikuwa vya madini ya risasi. Kampuni ya William Britain ya London ndiyo iliyoleta mapinduzi mwaka 1893 ilipoanza kumimina vijisanamu vyenye uwazi ndani, vikawa vyepesi na vya bei nafuu, na watoto wa kawaida wakaweza kuvimiliki. Siku hizi kuna plastiki, resini, na mchanganyiko wa madini yenye bati. Mwenye bahati ya kurithi au kununua vya risasi anapaswa kujua kitu kimoja kinachoviua bila kelele: mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni, na kwenye baadhi ya gundi. Mvuke huo ukifungiwa kabatini pamoja na unyevu hushambulia risasi na kuigeuza unga mweupe, na unga huo ni sumu kwa mtu anayeushika au kuuvuta puani. Kwa hiyo nilipokwenda kwa fundi seremala kumwomba anitengenezee kabati, maelewano yetu yalichukua muda.

“Fundi, nataka rafu ziwe za kioo, na fremu iwe ya alumini. Mbao zisiguse ndani hata kidogo.”

“Lakini ndugu yangu, mimi ni seremala. Hiyo ni kazi ya watu wa madirisha.”

“Ndiyo maana nimekuja kwako. Milango na miguu ifanye wewe kwa saiprasi iliyokauka vizuri, ndani tuwaachie hao wa madirisha.”

Alikubali, na walifanya kazi pamoja, yeye na kijana wa alumini wa jirani yake. Kabati lina matundu madogo nyuma yaliyozibwa kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite na vumbi libaki nje. Kwa mkusanyaji wa Nakuru, ambako upepo wa kiangazi huinua majivu ya volkeno kutoka kila kiwanja kisicho na nyasi, kitambaa hicho ni cha lazima.

Nimesema nakusanya wafanyakazi wote wa ndege, si rubani peke yake, na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Ndege ya Avro Lancaster, ambayo ziliundwa 7,377, ilikuwa na watu saba: rubani, fundi mitambo, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtumishi wa redio, mpiga bunduki wa mgongoni na mpiga bunduki wa mkiani. Mtu aliyezoea kuvitazama vijisanamu anaweza kukuambia kila mmoja alifanya kazi gani kwa kutazama tu alichovaa. Rubani alikalia parachuti lake. Lilikuwa ndilo mto wa kiti chake, kwa hiyo akisimama, furushi hilo huning'inia nyuma ya mapaja yake na humfanya atembee vibaya. Wengine walivaa mikanda yenye kulabu mbili kifuani, na parachuti lenyewe likawa limewekwa mahali pengine ndani ya ndege, la kuchukuliwa na kuning'inizwa kwenye kulabu hizo saa ya hatari. Mchongaji anayempa mlenga mabomu parachuti la kukalia, au anayempa rubani kulabu tupu kifuani, hajajisumbua kujifunza, na mimi sinunui kazi yake hata ikiwa uso umechongwa vizuri namna gani.

Mpiga bunduki wa mkiani ndiye aliyekuwa na hali ngumu kuliko wote. Kibanda chake kilikuwa chembamba hata parachuti halikupata nafasi humo. Liliwekwa nyuma ya milango ya kibanda, ndani ya mwili wa ndege. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa Lancaster iliyokuwa ikirudi kutoka Berlin, alifungua milango hiyo akakuta parachuti lake linaungua. Alichagua kuanguka kuliko kuungua. Aliruka kutoka kimo cha mita 5,500 hivi bila chochote, akaangukia matawi ya misonobari na theluji, akaamka akiwa hai na akawa mfungwa wa Wajerumani. Ndiyo maana kijisanamu sahihi cha mtu huyu huonyeshwa na kulabu kifuani pasipo parachuti, na mkusanyaji mgeni hudhani kipande kimepotea ndani ya boksi.

Baridi pia inasomeka. Huko juu usiku ilishuka mbali chini ya sufuri, na baadhi ya wapiga bunduki wa mkiani waliondoa kioo kilichokuwa mbele yao ili waone vizuri zaidi, wakakubali kupigwa na upepo huo kwa saa nyingi. Walivaa nguo zilizopashwa joto kwa umeme, tabaka juu ya tabaka, hata wakawa wanene kupita kiasi. Mwongoza njia na mtumishi wa redio, waliokuwa karibu na hewa ya moto ndani ya Lancaster, waliweza kufanya kazi wakiwa na sare ya kawaida. Kwa hiyo katika safu ya watu saba waliotoka ndege moja, unene wa mavazi hutofautiana, na seti inayowapa wote jaketi moja la ngozi ya kondoo imedanganya.

Jaketi lenyewe, lile la Irvin, ninalipenda sana na ninaelewa kwa nini kila kiwanda hulichonga. Nje ni ngozi ya kahawia nzito, ndani na kwenye kola ni manyoya ya rangi ya malai iliyokolea. Yale ya mwanzo yalishonwa kwa vipande vikubwa vichache. Vita vilipoendelea na ngozi kubwa zikawa adimu, vipande vikawa vidogo na vingi, na mishono ikaongezeka mgongoni. Mchoraji makini huitafuta mishono hiyo kwa brashi nyembamba kabla ya kitu kingine chochote. Kuna pia filimbi ndogo iliyofungwa kwenye kola ya kushoto ya sare, ili mtu aliyeangukia baharini gizani aweze kuwaita wenzake. Katika kipimo changu filimbi hiyo haizidi punje ya mtama, lakini huwa siachi kuitia rangi. Na kuna buti za mwaka 1943, ambazo sehemu yake ya juu ilikatika kwa kisu kidogo kilichofichwa ndani yake, ikabaki chini jozi ya viatu vya kawaida ambavyo mtu aliyeangushwa nchi ya adui angeweza kutembea navyo bila kutambulika haraka.

Lawama yangu kubwa kwa wachongaji ni nyuso. Vijisanamu vingi vya marubani wa mabomu vina nyuso za watu wa miaka arobaini, taya pana, makunyanzi kando ya macho, wakati umri wa wastani wa watu waliorusha ndege hizo ulikuwa miaka 22 hivi. Guy Gibson, aliyeongoza Lancaster 19 kwenda kupiga mabwawa ya Ujerumani usiku wa tarehe 16 Mei 1943, alikuwa na miaka 24 na tayari alihesabiwa kuwa mkongwe. Ndege nane kati ya hizo hazikurudi, na watu 53 walikufa usiku ule mmoja. Katika vita vizima, kamandi ile ilipoteza watu zaidi ya 55,000 kati ya takriban 125,000 waliorushwa. Vijana wa rika la wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Egerton. Kwa hiyo nikinunua kichwa kilichozeeka, ninakikata na kuweka kingine, au ninakipunguza taya kwa msasa laini hadi ujana urudi.

Sasa yule wa kaptura. Ninaanza na kijisanamu cha plastiki cha rubani aliyesimama, mwenye suruali ndefu na jaketi. Jaketi hulipara kwa kisu kikali, pole pole, hadi kifua kiwe na unene wa shati tu, nikiangalia nisile mikanda ya parachuti, kwa sababu hiyo hata Nakuru waliivaa. Mikono huikata juu ya kiwiko na kuitengeneza upya kwa puti ya epoksi ya sehemu mbili, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kuziba mabomba. Ukishaichanganya una muda mfupi kabla haijaanza kukaza, na kifaa cha kuifinyangia lazima kiwe na maji wakati wote, la sivyo itakuja na kila kitu ulichokwisha kuunda.

Kaptura ndiyo kazi yenyewe. Kaptura za jeshi za wakati ule zilikuwa pana, zikasimama mbali na paja, na mtu akitazama kutoka chini aliona uwazi kati ya kitambaa na ngozi. Katika 1/32, milimita moja ni sawa na sentimita 3.2 za kweli. Ukiacha pindo la kaptura na unene wa milimita moja, umemvisha kijana wako kitambaa kinene karibu kama godoro la mtoto. Kwa hiyo ninaacha puti ikauke, kisha ninachimba kutoka ndani ya pindo kwa ncha ya kisu kilichopinda, chini ya lenzi ya kukuzia, hadi ukingo uwe mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hapo paja linapata nafasi na kaptura inakuwa kitambaa. Chini kuna magoti, ambayo plastiki ya awali haikuwa nayo. Yanafinyangwa yakiwa na mfupa wake mbele na ukano nyuma. Halafu soksi ndefu zilizokunjwa chini ya goti, na viatu.

Rangi ya kaki ya nchi za joto si moja. Mabegani huwa nyepesi kwa sababu ya jua, chini ya kwapa na nyuma ya mgongo huwa nzito kwa jasho. Kwenye viatu ninapaka kijivu chenye kahawia kidogo, ambayo ndiyo rangi ya vumbi letu. Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini nisitumie vumbi lenyewe, maana lipo bure mlangoni. Jibu ni kwamba chembe ya kweli ikikaa kando ya mtu wa sentimita 5.5 inakuwa kokoto. Kichwani ninamvisha kofia ya kurukia ya kitambaa cha kaki, badala ya ile ya ngozi ya Ulaya.

Baada yake nikawatengeneza wenzake wawili wa Blenheim, na kwa kuwa walioruka kutoka nchi hii ni wengi, rafu ikaendelea kujaa. Mwaka 1940 marubani wa Afrika Kusini waliruka kutoka Kenya kwenda kuwapiga Waitalia wakitumia Junkers Ju 86, ndege ya asili ya Ujerumani iliyonunuliwa kabla ya vita kwa kubeba abiria. Na upande wa pili walikuwapo marubani wa Italia, waliopiga miji yetu ya kaskazini, na hata Malindi. Mkusanyo unaowaacha hao kwa sababu walikuwa adui wa mwenye koloni ni mkusanyo wa mtu mwingine, si wa Mkenya.

Kuna wengine ambao maboksi ya viwanda huwasahau, nao ni weusi. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia wa ndege za mabomu. Aliangushwa juu ya Ujerumani mwaka 1943, akawa mfungwa, na baada ya vita akawa mwanasheria. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa mwongoza njia wa ndege za Mosquito katika kikosi nambari 139, akaruka safari 80 za vita na kupata nishani mbili za juu. Huyu wa pili anatuhusu kwa karibu, kwa maana baadaye alikuja Afrika, akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Wapo wanasheria wa Afrika Mashariki waliosimama mbele yake bila kujua kwamba kidole kile kilichogeuza kurasa za faili kiliwahi kuchora njia ya kwenda Berlin kwenye ramani usiku.

Kumpaka rangi Cross ilinibidi nijifunze upya. Chupa nyingi za rangi zinazouzwa kwa ajili ya nyuso ni za ngozi nyeupe, na miongozo mingi inakwambia ngozi nyeusi uipate kwa kuongeza rangi nyeusi. Usifanye hivyo, uso utakuwa wa majivu. Mimi huanza na kahawia yenye wekundu mzito, nikapandisha mwanga kwenye paji, pua na mashavu kwa kuongeza rangi ya udongo wa njano na chungwa kidogo, kamwe si nyeupe. Kivuli chini ya taya hupata zambarau iliyokolea. Viganja na midomo hupata rangi yake. Jicho ni la mwisho: kwanza mstari wa kahawia nzito, ndani yake nyeupe iliyochafuliwa kidogo, halafu tone la kahawia ambalo lazima liguse kope la juu, vinginevyo mtu ataonekana ameshtuka. Mkono ukae juu ya meza, pumzi itolewe nusu, na brashi iguse mara moja tu.

Siku moja mzee jirani yangu, aliyezaliwa upande wa Ol Kalou, ninayemwita Guka, yaani babu, alikuja kunisalimu akasimama mbele ya kabati kwa muda mrefu.

“Hawa ndio waliokuwa wakituangushia mabomu kule Nyandarua?” akauliza.

“Hapana, Guka. Hawa ni wa vita vya Wajerumani. Wale wa Nyandarua walikuja baadaye kidogo.”

“Na ndege yao ni hii?”

“Yao ni mdogo wake hii. Iliundwa kutokana nayo.”

“Basi mbona yeye hayupo?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ndege ya Avro Lincoln ilitokana na Lancaster, na kati ya mwaka 1953 na 1955 Uingereza iliileta Kenya, ikaruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na kudondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Guka alikuwa mtoto wakati huo na anakumbuka mtetemo uliofika kijijini kabla ya sauti. Nilimtengeneza rubani wa Lincoln, nikamweka rafu moja na yule wa Lancaster, na Guka alipokuja tena nilimwonyesha. Alimtazama, akauliza kama kijana huyo alikuwa akiwaona watu waliokuwa chini. Nilimjibu kwamba juu ya msitu ule aliona miti tu, na akasema kwamba alidhani hivyo.

Wapo wanaoniambia kwamba kukusanya watu hawa ni kusifia kazi yao. Najua kazi yao ilikuwa nini. Hamburg, Julai 1943, ilipoteza watu wapatao 37,000 au zaidi katika mashambulizi ya siku chache, wengi wao raia, na moto ulikuwa mkubwa hata ukavuta upepo wake wenyewe. Wakati huohuo, hao hao waliokuwa juu walikuwa wakifa kwa kiwango ambacho matawi machache ya majeshi ya Uingereza yalikifikia. Sioni kwa nini niyatenge mambo hayo mawili ili mtu aifurahie rafu yangu kwa urahisi. Kwenye kila kitako ninaandika kazi ya mtu, ndege yake, mahali na mwaka, bila neno la sifa, na anayetaka kuuliza zaidi nina jioni za kutosha za kumweleza.

Kwa sasa ninachotafuta ni mtumishi wa redio aliyeketi, kipimo cha 1/32, mikono yote miwili ikiwa mbele kana kwamba iko kwenye kifaa, kwa ajili ya kumaliza Lancaster yangu. Waliosimama ninao wa kutosha na niko tayari kubadilishana. Natafuta pia picha za familia zinazoonyesha uwanja wa ndege wa Nakuru au Nanyuki kati ya 1941 na 1943, hata zenye ukungu, hasa zinazoonyesha Waafrika waliofanya kazi pale: madereva, mafundi wasaidizi, walinzi, wapishi. Hao ndio watakaofuata kwenye meza yangu, na siwezi kuwachonga kwa kubahatisha. Nataka nijue walivaa nini miguuni.